Ananyonya Tu, Sista

Benchi la kliniki lilikuwa fupi kwa watu wanne, lakini tulibanana hivyo hivyo, kila mmoja na mtoto wa miezi minne au mitano mapajani, tukisubiri zamu ya mzani. Wa kwanza alikuwa muuza nyanya wa soko la Mabibo. Viganja vyake vilikuwa bado na vumbi la tenga. Wa pili alikuwa wa ofisini, eneo la Posta katikati ya jiji, akiangalia saa kila mara kwa sababu ruhusa yake ilikuwa inaishia saa nne. Wa tatu alikuwa binti mdogo, nadhani hajafika hata miaka ishirini, aliyesindikizwa na mama mkwe. Wa nne nilikuwa mimi.

Nesi alituuliza sote swali moja, macho yake yakiwa kwenye kadi: "Mtoto anakula nini?" Tukajibu mmoja baada ya mwingine, kama wanafunzi wanaoitika majina: "Ananyonya tu, sista."

Tulipotoka nje na kuanza kufunga watoto mgongoni, ukweli ukatoka. Muuza nyanya alikuwa anaondoka nyumbani kabla ya alfajiri na kumwachia mtoto binti yake mkubwa, pamoja na kikombe cha uji mwepesi. Yule wa ofisini alikuwa na kopo la maziwa ya unga kabatini tangu wiki aliyorudi kazini. Binti mdogo hakuwa amempa mtoto kitu kingine chochote, ila mama mkwe alikuwa anamdondoshea dawa ya mchango kila jioni, na binti hakuwa na mdomo wa kukataa. Mimi je? Mimi nilikuwa natoa maji ya gripu na vijiko viwili vya maji ya uvuguvugu, kwa sababu ya joto. Ilikuwa Dar es Salaam, mwezi wa Februari, na niliamini kabisa kwamba mtoto ana kiu.

Kila ninaposoma takwimu za unyonyeshaji nalikumbuka benchi lile. Tanzania karibu kila mama hunyonyesha, hilo halina mjadala. Panapotofautiana watu ni kwenye kunyonyesha bila kuchanganya: miezi sita ya mwanzo, bila maji, bila uji, bila chochote isipokuwa dawa iliyoandikwa na mtaalamu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2004-05 ulikuta asilimia 41 ya watoto walio chini ya miezi sita wananyonya tu. Mwaka 2010 wakawa asilimia 50, mwaka 2015-16 asilimia 59, na mwaka 2022 asilimia 64. Kenya ilipanda kwa kasi zaidi, kutoka asilimia 13 mwaka 2003 hadi 61 mwaka 2014, halafu ikasimama. Mwaka 2022 ilikuwa 60. Burundi ilikuwa na 83 katika utafiti wa 2016-17, Rwanda 81 katika ule wa 2019-20, na Kongo ya Kinshasa 48 mwaka 2013-14.

Lakini jua kwanza jinsi hesabu hiyo inavyopatikana. Mama anaulizwa mtoto alikula nini jana, mchana na usiku. Basi. Mtoto wa wiki mbili anaingizwa kapu moja na wa miezi mitano. Ukiwatenga kwa umri, sura inabadilika: katika utafiti wetu wa 2015-16, zaidi ya wanane kati ya kumi walio chini ya miezi miwili walikuwa wananyonya tu, lakini waliofikisha miezi minne na mitano hawakuzidi watatu kati ya kumi. Benchi letu lilikuwa hapo. Na bado hujaweka hesabu ya waongo, kama sisi.

Sasa, kwa nini wengine hufika na wengine hukatikia njiani? Nimesikia maelezo mawili, yote ya kijiweni. Ya kwanza: wanawake wa mjini wenye fedha wanaogopa matiti kulala. Ya pili: maskini hawana elimu. Yote mawili yanaanguka ukiyaweka mbele ya takwimu. Mwaka 2016 jarida la Lancet lilichapisha mfululizo mkubwa kuhusu unyonyeshaji duniani, na mojawapo ya mambo lililoonyesha ni kwamba katika nchi maskini, mama maskini ndiye hunyonyesha kwa muda mrefu zaidi kuliko tajiri; katika nchi tajiri ni kinyume chake, mwenye elimu na kipato ndiye huendelea. Ukishafurahi kwamba umepata kanuni, nenda Nairobi. Watafiti waliofuatilia watoto wa mitaa ya Korogocho na Viwandani, wakachapisha matokeo 2011, walikuta ni asilimia 2 tu walionyonya bila kuchanganyiwa hadi miezi sita. Hao ni maskini, tena wanaijua thamani ya titi kuliko mimi na wewe. Ila kibarua cha kufua nguo hakina likizo ya uzazi, na mwajiri wa siku moja hapendi mtu anayekuja na mtoto.

Mfano ulionifungua macho zaidi ni wa mbali. Uingereza, utafiti wa 2010 ulikuta asilimia 96 ya akina mama weusi walianza kunyonyesha, weupe asilimia 79. Marekani, kwa watoto waliozaliwa 2015, weusi walioanza walikuwa asilimia 69 na weupe 86. Rangi ni ile ile, safu imegeuzwa juu chini. Weusi wengi wa Uingereza ni watoto na wajukuu wa wahamiaji, wana bibi na shangazi waliowaona wakinyonyesha bila kuona haya. Mweusi wa Marekani ana historia ya bibi zake kulazimishwa utumwani kunyonyesha watoto wa bwana, ana kazi za mshahara mdogo, na yuko katika nchi ambayo sheria yake ya 1993 inampa wiki 12 za likizo bila malipo, tena si kila mfanyakazi. Kwa hiyo nikimwona mama ameshindwa, maswali yangu siku hizi ni mawili: ana saa ngapi na mtoto wake kwa siku, na nani amekaa pembeni yake anapolia usiku? Ushauri wangu wote unatoka hapo.

Nianze na jambo linalotupata sote, wa Mabibo na wa Posta: maziwa hayatoshi. Ndiyo sababu utakayoisikia kuliko zote, na mara nyingi si kweli, lakini inaweza kugeuzwa kuwa kweli ndani ya wiki moja. Mtoto hupitia siku za kunyonya bila kupumzika, mara nyingi karibu na wiki ya pili au ya tatu, tena wiki ya sita, tena mwezi wa tatu. Ananyonya, anaachia, analia, anarudi. Titi limelegea, halijajaa kama zamani. Unasema limeisha. Lakini titi ni kama kisima cha chemchemi: kadiri unavyoteka ndivyo maji yanavyokuja. Kunyonya kwenyewe ndiko kunakouamuru mwili utengeneze zaidi, na zile siku za fujo mtoto anaagizia ya wiki ijayo. Ukimpa kikombe cha maziwa ya kopo jioni hiyo, atalala saa nyingi, hatanyonya, mwili utaelewa kwamba hayahitajiki, na kesho yake kweli yatapungua. Kopo linajitafutia ushahidi lenyewe.

Usipime maziwa kwa kulia kwa mtoto wala kwa ulaini wa titi. Pima kwa vitu viwili. Cha kwanza ni nepi: mtoto aliyepita siku ya tano akikojoa mara sita au zaidi kwa siku, mkojo usio na rangi kali, anapata. Cha pili ni mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki. Mtoto mchanga hupungua kidogo siku za mwanzo na kurudia uzito wake ndani ya wiki mbili. Baada ya hapo mstari unatakiwa upande. Usipopanda, usibaki nyumbani kubishana na majirani, nenda kituoni. Wapo akina mama ambao maziwa yao kweli hayatoshi, na kumnyima mtoto wao chakula kingine kwa ajili ya msimamo ni ukatili.

Kuhusu joto lililonidanganya mimi: karibu sehemu tisa katika kumi za maziwa ya mama ni maji. Joto likizidi, mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe kunywa maji. Mtori, supu ya pweza, uji wa pilipili manga, vyote vizuri, kula kwa raha zako, maana unahitaji kama mlo mmoja wa ziada kwa siku. Ila jua kwamba pweza hatoi maziwa. Mtoto ndiye anayeyatoa.

Na mara nyingi kinachoitwa upungufu ni mkao mbaya. Mtazame mtoto akinyonya. Mdomo uwe wazi sana kama anayepiga miayo, kidevu kimegusa titi, mdomo wa chini umepinduka kwa nje, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu ionekane zaidi kwa juu kuliko kwa chini. Anatakiwa awe ameshika titi, si chuchu. Ukisikia maumivu yanayoendelea baada ya mivuto ya kwanza, usiume meno ukavumilia. Ingiza kidole kidogo safi kwenye kona ya mdomo wake aachie, anza upya. Mimi na mtoto wa kwanza nilivumilia siku nane, chuchu zikachanika hadi nikawa naogopa kilio chake. Nesi wa zamu ya usiku, mama mtu mzima, alinisogeza mgongo, akamgeuza mtoto tumbo lake liangalie tumbo langu, akasema, "Mwanangu, mlete mtoto kwenye titi, usilipeleke titi kwa mtoto." Ilikuwa kazi ya dakika moja. Nilijifungulia hospitali kubwa, na siku nane nzima hakuna mwingine aliyekuwa amenitazama nikinyonyesha.

Kwa aliyejifungua kwa upasuaji mambo huwa mazito zaidi saa za mwanzo. Sema mapema, kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, kwamba unataka mtoto awekwe kifuani mara tu itakapowezekana. Kidonda kikiuma, mlaze mtoto ubavuni, miguu yake ipite chini ya kwapa lako kama unavyobana mkoba, au nyonyesha ukiwa umelala kiubavu. Na yale maziwa ya kwanza, mazito ya njano, ambayo wafugaji huyaita dang'a, usikubali mtu akuambie uyakamue uyamwage kwa kuwa ni machafu. Ni kidogo kwa sababu tumbo la mtoto ni dogo.

Sasa mama mkwe. Nimesoma vijitabu vingi vya afya vinavyomfanya adui, na vimekosea. Katika siku arobaini za uzazi hakuna mtu atakayekuchemshia maji, kukukanda na kukushikia mtoto saa tisa za usiku kama yeye au mama yako. Tatizo ni kwamba yeye alilea wakati ambapo kliniki yenyewe ilishauri uji mtoto akiwa na miezi mitatu au minne. Hiyo miezi sita isiyochanganywa Shirika la Afya Duniani lilikuja kuishauri rasmi 2001. Kwa hiyo anapokuambia "nyie nyote mlikunywa uji na mko wazima," hasemi uongo. Binti wa miaka kumi na tisa hawezi kumshinda kwa hoja, na asijaribu.

Mpeleke kliniki, aingie ndani na wewe, aambiwe na nesi mwenyewe. Hii ndiyo njia yenye heshima kuliko zote, kwa sababu hajasahihishwa na mkwe. Kisha mpe kazi. "Mama, akimaliza kunyonya naomba umbebe umcheulishe, kwako anatulia kuliko kwangu." Mama mkwe wangu ni wa Tanga, na kwa mtoto wetu wa tatu alikuja na mvuje wake kwenye kitambaa, autie kwenye maji ampe mtoto kwa ajili ya tumbo. Sikumwambia haufai. Nilimwambia, "Mama, daktari kakataza cha mdomoni hadi miezi sita. Tuufunge juu ya chandarua, harufu yake itatosha kufukuza mabaya." Aliniangalia kwa muda. Akafunga. Chumba kilinuka mvuje miezi sita, na mtoto hakuonja hata tone.

Baba naye ana sehemu yake, ingawa sheria yetu haijamfikiria sana: Tanzania inamlazimu mwajiri ampe siku 3, Kenya wiki 2. Siku hizo zisiishie kupokea wageni. Yeye ndiye anayeweza kumwambia mama yake mzazi neno ambalo mkwe hawezi.

Kwa walioajiriwa, hesabu ni hii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 84 za likizo yenye malipo, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12. Miezi sita ni wiki 26. Wiki 14 zilizobaki utazipata kwa mipango tu. Sheria hiyo hiyo inasema mwajiri amruhusu anayenyonyesha atumie hadi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi. Wengi wetu huzitumia kutoka mapema jioni, na foleni ya Ubungo inazimeza zote. Kama nyumbani ni karibu, nenda mchana. Kama ni mbali, omba uzigawe: nusu saa asubuhi na nusu saa mchana za kukamua, halafu saa moja ya kutoka mapema. Andika barua kabla hujaanza likizo, taja sheria kwa jina lake, bila ukali. Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea, na muda wa kukamua, hadi saa moja katika saa nane, unahesabiwa kuwa ni kazi.

Nilipokuwa na mtoto wa pili sikuandika barua yoyote. Ofisi niliyofanyia kazi haikuwa na chumba, nikawa nakamua chooni, mguu mmoja ukiwa umeegemea mlango usio na komeo. Siku moja mtu alisukuma, kikombe kikaanguka, na maziwa ya asubuhi nzima yakatambaa kwenye vigae. Nililia kama nimefiwa. Jioni nikapitia dukani kununua kopo. Na mtoto wa tatu niliomba ufunguo wa stoo ya mafaili. Mkuu wangu wa kazi alikubali kabla sijamaliza sentensi; hakuna mtu aliyewahi kumuomba.

Kukamua kwa mkono hakuhitaji mashine. Nawa mikono. Inama mbele kidogo. Weka kidole gumba juu na cha shahada chini, nyuma ya ile sehemu nyeusi, karibu sentimita mbili au tatu kutoka kwenye chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana, kisha achia, usivute chuchu. Zungusha vidole kuzunguka titi ili pasibaki penye uvimbe. Mara ya kwanza utapata matone, utakata tamaa. Anza kujifunza wiki mbili au tatu kabla ya kurudi kazini, asubuhi, titi likiwa limejaa. Kwa mtoto wa miezi mitatu, mlo mmoja ni kama mililita 90 hadi 120; ukiwa nje kwa saa kumi, mililita 300 hadi 400 zitamfaa.

Kwenye joto la Pwani maziwa yaliyokamuliwa yasikae nje zaidi ya muda wa saa nne. Kwenye friji yakae ndani kabisa, si mlangoni, hadi siku tatu au nne kama umeme haukatiki. Huna friji ofisini? Chukua hotipoti uliyopewa kwenye harusi, tia barafu, zamisha chupa ndogo ya glasi yenye mfuniko. Inafika Mbagala ikiwa baridi. Mafuta yatapanda juu, ni kawaida, zungusha taratibu. Pasha kwa kuisimamisha chupa kwenye bakuli la maji ya moto, usichemshe. Dada wa kazi amnyweshe kwa kikombe kidogo, mtoto akiwa amekaa wima, kikombe kikigusa mdomo wa chini na yeye mwenyewe akiyavuta kwa ulimi. Hata mtoto mdogo sana anaweza, na kikombe ni rahisi kusafisha kuliko chuchu ya plastiki. Mfundishe dada mbele yako siku tatu nzima, naye afanye, wewe utazame. Usiku na siku za mapumziko mtoto asipewe kikombe. Ni titi tu.

Muuza nyanya hana mwajiri wa kumwandikia barua, lakini ana kitu ambacho wa Posta hana: anaweza kukaa na mtoto mahali pake pa kazi. Kilichomzuia yule wa Mabibo ni safari ya alfajiri ya kufuata mzigo, si soko lenyewe. Ukiwa katika hali yake, mnyonyeshe kabla hujatoka hata kama amelala, kamua kikombe kimoja umwachie, halafu mwenye kumlea akuletee kizimbani jua likichomoza. Nyanya mbili tatu zitaliwa na majirani wanaokushikia meza. Ni gharama ndogo. Tupige hesabu ya kopo: mtoto asiyenyonya kabisa anahitaji karibu kilo 20 za maziwa ya unga kwa miezi sita, sawa na makopo 50 ya gramu 400. Mwenye kipato cha siku kwa siku hafiki huko, kwa hiyo anazimua, anatia kijiko kimoja palipoandikwa vitatu. Mtoto anashiba maji.

Anayelazimika kutumia kopo kwa ushauri wa daktari asijione mwenye dhambi. Afuate kipimo kilichoandikwa, maji yachemke, kikombe kioshwe, na yaliyobaki yamwagwe.

Mama anayeishi na VVU ananyonyesha pia, na hapa kuchanganya ndiyo hatari kubwa ya miezi ya mwanzo. Watafiti wa Durban wakiongozwa na Anna Coutsoudis walionyesha mwaka 1999 kwamba watoto walionyonya tu waliambukizwa kwa kiwango kidogo kuliko waliochanganyiwa. Mwongozo wa dunia siku hizi ni mama ameze dawa zake kila siku na anyonyeshe, mtoto naye apewe dawa yake ya kinga na kupimwa kwa tarehe anazopangiwa. Ukiulizwa na jirani kwa nini humpi mtoto maji, huwajibiki kumweleza hali yako. "Kliniki wamekataza" ni jibu kamili.

Kuna na lile la kubemenda, ambalo madaktari hulipita kwa kicheko na akina mama hulibeba kimya kimya. Wapo wanaomwachisha mtoto ziwa mapema kwa kuogopa kwamba wakikutana na mume maziwa yataharibika na mtoto atadhoofu. Maziwa hayaharibiki kwa hilo, wala kwa mimba mpya. Anachokiona bibi ni kweli: mtoto anayedhoofu mama anapopata mimba ya haraka. Anadhoofu kwa kuwa ameachishwa ghafla na hajapata chakula cha kufidia. Uzazi wa mpango uanze kuzungumzwa kwenye siku arobaini hizo hizo. Kunyonyesha kwenyewe kunakinga kwa sehemu kubwa, lakini kwa masharti matatu kwa pamoja: mtoto hajafika miezi sita, hedhi haijarudi, na ananyonya tu, usiku na mchana. Moja likivunjika, kinga imeondoka.

Miezi sita ikifika, uji uwe mzito wa kushika kijiko, wenye karanga au maziwa au dagaa waliosagwa, na kunyonya kuendelee hadi miaka miwili na zaidi. Hapo mwanamke wa mjini na wa kijijini huachana: wengi wa mjini hukatisha mapema, kijijini wanaendelea. Mimi wa tatu nilimlikiza akiwa na miaka miwili na mwezi. Shangazi alinishauri nipake shubiri, dawa ya kale isiyoshindwa. Nikapaka. Mtoto alionja, akakunja uso, akashuka kitandani bila neno. Alirudi na kanga yangu, akafuta, akaendelea kunyonya.